Mwenyeheri Niels Stensen: Askofu Aliyelisoma Jiwe

Tarehe 5 Desemba, Mama Kanisa akiwa katika majira ya Majilio, tunakumbuka siku aliyofariki dunia Mwenyeheri Niels Stensen, askofu na mmisionari, ambaye katika vitabu vya Kilatini huitwa Nicolaus Steno. Waamini wengi wa majimbo yetu hawajazoea kulisikia jina lake. Hata hivyo, wanafunzi wa udaktari na wa elimu ya miamba, popote walipo duniani, hukutana nalo katika masomo yao, na wengi wao hawajui kwamba mtu wanayemsoma alikuwa padre, kisha askofu, na leo ni Mwenyeheri wa Kanisa.

Tunapenda kuyatafakari maisha yake kwa kuanzia na kitu kidogo ambacho yeye alikitazama kwa subira kubwa kuliko waliomtangulia: jiwe angavu la kwatzi. Tunafanya hivyo kwa sababu vijana wetu wengi wanaokwenda vyuoni huulizwa, na wengine hujiuliza wenyewe kimyakimya, kama inawezekana kuwa msomi wa kweli na Mkatoliki wa kweli. Maisha ya mtu huyu ni jibu.

Mtoto wa sonara

Niels alizaliwa mjini Copenhagen, nchini Denmark, mnamo Januari 1638, katika familia ya Kilutheri. Baba yake alikuwa sonara, na mfalme Kristiano wa Nne alikuwa miongoni mwa wateja wake. Hivyo mtoto alikulia karibu na mizani, tanuru, dhahabu na mawe ya thamani. Utoto wake haukuwa mwepesi. Aliugua kwa miaka kadhaa tangu akiwa na umri wa miaka mitatu, na baba yake alifariki angali mdogo. Katika ujana wake tauni iliingia Copenhagen ikaua watu wengi, wakiwamo wanafunzi wenzake.

Mwaka 1656 alianza masomo ya udaktari katika chuo kikuu cha mji wake, na mwaka 1660 alikwenda Uholanzi kuyaendeleza. Huko Amsterdam, akikipasua kichwa cha kondoo, alikiona kijifereji kinachotoa mate katika tezi iliyo karibu na sikio na kuyafikisha kinywani. Hadi leo madaktari hukiita kwa jina lake. Baadaye alionyesha kwamba moyo ni musuli. Jambo hilo kwetu sisi ni la kawaida, lakini wakati ule lilipingana na mafundisho ya karne nyingi yaliyouona moyo kuwa tanuru la joto la mwili, au makao ya nguvu za fumbo. Stensen hakuanzisha mabishano. Aliupasua moyo, akaupasua na musuli wa mguu, akaonyesha kwamba nyuzi zake ni za namna moja.

Kichwa cha papa na swali la mawe

Mwaka 1666 alifika Italia, akapokelewa kwa heshima mjini Firenze na Mtawala Mkuu wa Toscana, Ferdinando II wa ukoo wa Medici. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wavuvi walimvua samaki papa mkubwa karibu na bandari ya Livorno, na mtawala akaagiza kichwa chake kipelekwe kwa Stensen. Alipoyachunguza meno yake, aliona kwamba yanafanana mno na vijiwe vilivyokuwa vikichimbwa ardhini, hasa katika kisiwa cha Malta, ambavyo watu waliviita ndimi za mawe. Wengi waliamini kwamba vijiwe hivyo huota vyenyewe ndani ya mwamba. Stensen alihitimisha kwamba yalikuwa meno ya papa wa zamani, waliokufa wakafunikwa na matope ya bahari, na matope hayo yakageuka kuwa mwamba.

Hapo likazaliwa swali pana zaidi. Tukikuta kitu kigumu kimefungwa ndani ya kitu kigumu kingine, tutajuaje kipi kilitangulia, na kila kimoja kilifanyikaje? Alizunguka vilima na machimbo ya Toscana akitafuta jibu, na mwaka 1669 kikachapishwa Firenze kitabu chake kidogo cha Kilatini, ambacho alikusudia kiwe utangulizi tu wa kitabu kikubwa. Kilipitia kwanza mikononi mwa wakaguzi kama ilivyokuwa desturi, akiwamo Vincenzo Viviani, mwanafunzi wa Galileo. Humo ndimo tunamokuta kanuni ambayo kila mwanafunzi wa miamba huanza nayo: matabaka ya ardhi yaliyotokana na mashapo hulala kwanza sambamba na upeo, na lile la chini ni kongwe kuliko lililo juu yake. Na humo ndimo alimoandika juu ya fuwele za kwatzi.

Jiwe lenye pande sita

Kwatzi ni miongoni mwa madini yanayopatikana kwa wingi sana duniani. Limeundwa kwa silikoni na oksijeni. Wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita wanaijua vizuri mishipa yake myeupe inayokatiza mwamba, kwa maana mara nyingi dhahabu hukaa humo. Likibanwa, kwatzi halina umbo la kuvutia. Lakini likipata nafasi ya kukua, katika ufa au uwazi ndani ya mwamba, hujitokeza kama mche wenye bapa sita, na kileleni mwake bapa hizo huinama na kukutana kuwa piramidi. Mara nyingi tunaona kilele kimoja tu, kwa sababu upande wa pili umeshikwa na mwamba. Stensen alieleza kwamba fuwele iliyokamilika ina piramidi mbili, moja kila mwisho, na mche katikati yake.

Kwatzi safi halina rangi, na ukilitazama ni kama maji yaliyotulia. Likiwa na chembe za chuma na likapigwa na mionzi ya asili ya ardhini, laweza kuwa la zambarau, nalo huitwa amethisto, jiwe ambalo kwa desturi ya muda mrefu limepamba pete za maaskofu. Ukilishika mkononi huhisi ubaridi. Hukwaruza kioo, na kisu cha kawaida hakilikwaruzi, maana katika kipimo cha ugumu kinachoanzia 1 hadi 10 lenyewe ni la 7. Uzito wake ni mara 2.65 ya uzito wa maji ya ujazo uleule. Likivunjwa, halipasuki kwa kufuata bapa zake, bali huacha mikunjo ya mviringo kama ile ya kombe la baharini. Na juu ya bapa za mche wake, mtu mwenye macho makini huona mistari myembamba iliyolala sambamba, ikikatiza jiwe kwa upana.

Wagiriki wa kale waliliita jiwe hili kwa neno lao la barafu, na kwa karne nyingi wasomi walifundisha kwamba ni maji yaliyoganda kwa baridi kali hata yakashindwa kuyeyuka tena. Wengine walidhani hukua kama mmea, likifyonza chakula mwambani kupitia kitako chake. Stensen aliyakataa mawazo yote mawili. Alifundisha kwamba fuwele hukua kwa kuongezewa kutoka nje: chembe ndogo mno zilizomo katika kimiminika kinachoizunguka huja na kutua juu ya bapa zake, tabaka juu ya tabaka. Ile mistari myembamba ilikuwa kwake ushahidi wa ukuaji huo. Na kwa kuwa chembe hazitui kwa kiasi kilekile kila upande, bapa moja hupanuka na nyingine hubaki nyembamba. Ndiyo sababu ni vigumu kupata fuwele mbili zinazolingana kabisa kwa sura.

Kisha, katika maelezo mafupi ya michoro mwishoni mwa kitabu, aliongeza jambo ambalo lingempa heshima kuliko yote. Alionyesha kwamba idadi na urefu wa pande zinazoonekana fuwele ikikatwa huweza kubadilika, lakini pembe hazibadiliki. Fuwele moja huwa nyembamba kama kidole, nyingine nene kama ngumi, nyingine imelemaa kana kwamba ilikandamizwa upande mmoja. Katika zote, bapa mbili jirani za mche hukutana kwa pembe ya nyuzi 120. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1783, Mfaransa Romé de l'Isle aliwaonyesha wasomi kwa vipimo vya madini mengi kwamba kanuni hii haihusu kwatzi peke yake. Baada yake padre mmoja wa Ufaransa, René Just Haüy, aliieleza kwa kina zaidi. Katika karne ya 20 miali ya eksirei ilithibitisha sababu yake: ndani ya fuwele atomi zimejipanga kwa utaratibu uleule kila mahali, na umbo la nje hulitii pangilio hilo la ndani.

Njia ya kuelekea Ekaristi

Katika miaka hiyohiyo aliyokuwa akichunguza meno na mawe, jambo jingine lilikuwa likitendeka moyoni mwake. Mwezi Juni 1666, kabla papa yule hajavuliwa, alikuwa Livorno siku ya sherehe ya Ekaristi Takatifu, akaona maandamano yakipita barabarani, Sakramenti ikibebwa na watu wakipiga magoti. Alijikuta mbele ya jambo lisilo na njia ya katikati: ama umati huo wote ulikuwa umepotea kwa kuabudu kipande cha mkate, ama Kristo alikuwa pale kweli, na yeye ndiye aliyekosa kumpa heshima. Hakuliacha swali hilo lipite, wala hakulijibu kwa haraka. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alisoma Maandiko Matakatifu na maandishi ya Mababa wa Kanisa, akilinganisha na mafundisho aliyolelewa nayo. Watu wanyofu walimsaidia, akiwamo mtawa Maria Flavia del Nero, aliyehudumu katika duka la dawa la konventi yake mjini Firenze. Mwezi Novemba 1667 akapokelewa katika Kanisa Katoliki.

Tuangalie vizuri hapa. Stensen hakuiacha akili yake mlangoni ili aingie kanisani. Yule aliyeandika juu ya kwatzi mwaka 1669 alikuwa tayari Mkatoliki, na aliingia katika imani kwa mwenendo uleule aliokuwa nao katika uchunguzi: kutazama kilichopo, kupima kila sababu, na kulifuata hitimisho hata kama lina gharama. Gharama ilikuwepo. Alipoitwa na mfalme kurudi Copenhagen mwaka 1672 kufundisha elimu ya mwili, hakuweza kuwa profesa wa chuo kikuu kwa sababu ya imani yake. Huko, katika hotuba yake maarufu ya mwaka 1673, aliwafundisha wasikilizaji kwamba uzuri wa mambo tusiyoyajua bado unayapita yale tunayoyaona na kuyaelewa. Mwaka uliofuata alirudi Firenze.

Padre, askofu, maskini

Wakati wa Pasaka ya mwaka 1675 alipewa Daraja Takatifu ya Upadre. Baada ya miaka miwili tu, Baba Mtakatifu Inosenti XI alimteua kuwa askofu na Vikari wa Kitume kwa ajili ya Wakatoliki wachache waliotawanyika katika nchi za kaskazini. Alikwenda Roma kwa miguu kama hujaji, akawekwa wakfu mwezi Septemba 1677 na Kardinali Gregorio Barbarigo, ambaye leo ni mtakatifu. Makao yake yakawa Hannover, nchini Ujerumani.

Mwaka 1680, baada ya mtawala Mkatoliki wa Hannover kufariki, Stensen alihamia Münster kuwa Askofu Msaidizi. Alitembelea parokia za vijijini, akafundisha katekisimu, na kuwachunguza kwa makini waliotaka kuwa mapadre, kwa kuwa aliamini kwamba watu wasiofaa wakipewa daraja, waamini ndio watakaolipa. Mwaka 1683 askofu wa Münster alifariki, na uchaguzi wa mrithi wake ukaingiwa na fedha. Stensen aliona wazi kwamba cheo kitakatifu kilikuwa kikinunuliwa. Hakukubali kunyamaza. Alipinga, kisha akaondoka mjini, akaacha nafasi na mapato yake, akaenda Hamburg, mahali ambapo askofu Mkatoliki hakuwa na heshima yoyote ya kidunia.

Aliuza pete na msalaba wake wa kiaskofu ili awasaidie maskini. Alivaa nguo zilizochakaa, akafunga mara nyingi kupita nguvu za mwili wake. Mwishoni mwa mwaka 1685 alihamia Schwerin, akihudumia kikundi kidogo cha waamini kama padre wa kawaida wa misioni. Huko, baada ya siku kadhaa za maumivu makali, alifariki tarehe 5 Desemba 1686, akiwa na umri wa miaka 48. Cosimo III, mtawala wa Toscana, aliagiza mwili wake upelekwe Firenze, na hadi leo umelazwa katika Basilika la San Lorenzo. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenyeheri tarehe 23 Oktoba 1988.

Je, alipoteza kipaji chake?

Kile kitabu kikubwa alichokiahidi hakikuandikwa kamwe. Mwanafalsafa Leibniz, aliyemfahamu Hannover, aliandika baadaye kwa masikitiko kwamba mtu huyu alikuwa bingwa wa elimu ya maumbile, akaiacha na kuwa mwanateolojia wa kawaida. Masikitiko haya tunayasikia hata leo katika familia zetu, kijana mwenye alama nzuri anapoomba kwenda seminari, au binti msomi anapoingia utawani. Wazazi huona kwamba elimu imetupwa.

Tukubali kwamba kulikuwa na hasara ya kweli. Sayansi ilimpoteza mtu ambaye angeipa mengi zaidi, na sadaka isiyo na uzito si sadaka. Lakini wito hauondoi thamani ya yale yaliyotangulia. Kitabu kile kidogo kilibaki, na kimewalisha wasomi kwa zaidi ya karne tatu. Na fadhila iliyokitunga haikufa: macho yaliyokataa kuita jino jiwe ndiyo yaliyokataa kuuita ununuzi wa cheo uchaguzi halali. Hali ya maisha yake ilibadilika mara nyingi. Alikuwa mgeni wa watawala, kisha mwalimu aliyefungiwa mlango, kisha askofu, kisha maskini wa Schwerin. Unyofu wake mbele ya ukweli ulibaki kama ile pembe ya nyuzi 120, bapa zipanuke au zipungue.

Mafundisho kwetu

Kwanza, tusiwaogopeshe watoto wetu kwa sayansi. Stensen hakuwa na ufahamu wetu wa umri wa dunia, na alijitahidi kuyapatanisha aliyoyaona na simulizi la gharika kwa kadiri ya maarifa ya wakati wake. Maarifa yameongezeka tangu hapo, tabaka juu ya tabaka, na Kanisa halikuanguka. Muumba wa mwamba ndiye Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, na ukweli haupingani na ukweli.

Pili, tuyaheshimu mawe kwa kuyaacha yawe mawe. Wapo wanaouza vipande vya kwatzi na amethisto wakidai vinaponya magonjwa, vinavuta bahati au vinafukuza nuksi. Jiwe hili lina sifa za kweli za kutosha. Kwa mfano, mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba likibanwa hutoa umeme kidogo, na leo kipande chake kilicho ndani ya saa hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde ili kutunza muda. Hizo ni sifa alizopewa na Mungu na zinazoweza kupimwa. Kuligeuza kuwa hirizi ni kumwibia Muumba utukufu na mgonjwa fedha zake, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, inalaumu uvaaji wa hirizi.

Tatu, kila tunapochagua viongozi, kuanzia Jumuiya Ndogo Ndogo na halmashauri ya parokia hadi ofisi za umma, tukumbuke barabara ya kutoka Münster kwenda Hamburg. Bahasha ndogo inayopita chini ya meza ni ndogo kwa kipimo tu. Kwa asili yake ni ileile aliyoikataa askofu huyu.

Tumwombe Mungu atujalie macho yanayotazama vizuri na mioyo inayotii inachokiona.

Mwenyeheri Niels Stensen, utuombee.